Land Rover 109 ya 1982, injini ya 200Tdi na ekseli za 110: tathmini ya kazi ya gereji moja ya Arusha

Niliambiwa kazi itachukua wiki sita. Nililichukua gari baada ya wiki kumi na moja, kisha nikalirudisha mara mbili kabla halijatulia. Naanza na hilo ili msomaji ajue mapema kwamba anayeandika ni mteja aliyeridhika, ila aliridhika kwa kuchelewa. Gereji yenyewe iko Unga Limited, Arusha. Sitaitaja jina, kwa kuwa lawama nyingi nitakazozieleza tulikwisha kuzizungumza na zikapatiwa dawa, isipokuwa moja ambayo nitaifikia mwishoni.

Gari ni Land Rover 109 ya Series III, yenye milango mitano, ya mwaka 1982. Lilinijia likiwa na injini yake ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, ambayo kila fundi wa makamo huku kwetu anaweza kuifungua akiwa amefumba macho. Ni injini ya subira. Inatoa nguvu za farasi 70 hivi ikiwa mpya, na yangu haikuwa mpya. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kabureta inayovuta hewa nyepesi ya huko haipati pumzi ile inayoipata Tanga au Dar es Salaam. Lita moja ya petroli ilinipeleka kilomita tano, na siku nikiwa sina haraka, sita.

Hata hivyo tatizo kubwa zaidi halikuwa injini, na hapa ndipo wengi wanaotaka kubadili magari haya hukosea hesabu. Series III ilitoka kiwandani na difu zenye uwiano wa 4.7, maana yake propela huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa tairi za 7.50-16, gari likienda kilomita 80 kwa saa kwenye gia ya nne, injini inazunguka takriban mara 2,900 kwa dakika. Injini ya petroli hulalamika lakini huvumilia. Ukiiweka dizeli kwenye difu hizo hizo, utakuwa umenunua nguvu usiyoweza kuitumia barabarani, kwa sababu dizeli hufanya kazi yake nzuri chini na hupiga kelele bure juu. Kwa difu ya 3.54 kama ile ya 110, Land Rover iliyofuata baada ya Series, kilomita 80 zilezile zinapatikana kwa mizunguko 2,200 tu. Ndiyo maana niliingia gerejini nikitaka mambo mawili pamoja, injini na ekseli, na nilikataa kuyatenganisha hata pale mkuu wa gereji aliponishauri tuanze na injini kwanza, ekseli tutaziona mwakani.

Ushauri wake wa kwanza kuhusu injini ulikuwa 1HZ ya Toyota. Si ushauri wa kipuuzi. Ndiyo injini inayosukuma Land Cruiser nyingi za watalii zinazopita Makuyuni kila asubuhi, spea zake zinapatikana hata kwenye maduka madogo, na mafundi wanaijua. Lakini ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa sentimita 4,164. Ni ndefu, ni nzito, na kuipachika mbele ya gia boksi ya Series kunahitaji sahani ya kuunganishia, kusogeza rejeta, na kuikata pua ya gari kwa namna ambayo sikuwa tayari kuiona. "Mzee, hii ukiifunga hutaigusa tena," aliniambia. Nilimwamini kuhusu injini. Sikuamini kwamba gia boksi ya mwaka 1982 ingeipokea kwa furaha.

Tukakubaliana 200Tdi, injini ya dizeli ya Land Rover Discovery. Injini hii ilitoka mwaka 1989, ina ujazo wa sentimita 2,495, tabo inayoisukumia hewa na intakula ya kuipoza hewa hiyo, na katika Discovery hutoa nguvu za farasi 111 na nguvu ya kuzungusha ya takriban Nm 265 kwenye mizunguko 1,800 tu. Haina kompyuta. Pampu yake ya Bosch ni ya mitambo mitupu, na waya unaohitajika ili izunguke ni ule wa kufungulia mafuta. Sababu iliyonishawishi zaidi, hata hivyo, ni ya ukoo: bloku yake imetokana na injini zile zile za zamani za Land Rover, kwa hiyo matundu ya boliti za nyuma yanalingana. Kwa kuwa injini za lita 2.25 kama ile yangu, zilizotengenezwa kuanzia 1980, zina beringi kuu tano, nyumba ya flaiwili, flaiwili yenyewe na klachi vya gari langu vilihamia kwenye injini mpya, na gia boksi ikapokea mgeni wake bila sahani wala ufundi wa ajabu. Kilichohitaji kerezo ni bushi ndogo iliyo mkiani mwa kranki, inamoingia ncha ya shafti ya gia boksi. Kijana wa kerezo aliipima mara tatu kwa kipimo cha vernia, akaikereza, akaijaribu kwa mkono, akairudisha mashineni kuipunguza unywele mmoja. Nilisimama pale nikajua kwamba angalau upande wa chuma niko mahali salama.

Sifa nyingine ambayo gereji hii inastahili ni kwamba haikufunga injini kama ilivyokuja. Walibadilisha taimingi belti, roli yake na oili sili za mbele wakati injini ikiwa bado imening'inia kwenye mnyororo, jambo ambalo mafundi wengi huliacha hadi belti ikatike. Belti ya injini hii hubadilishwa kila kilomita 96,000, na kwenye vumbi nusu ya hapo. Mtu anayepita barabara ya kwenda Ziwa Natron asijidanganye kuhusu kundi alilomo.

Mahali pa kwanza tulipogombana ni kwenye tabo. Katika Discovery tabo imekaa chini, na ukiishusha injini hiyo ndani ya 109 inakutana na mauntingi ya chesisi. Gereji ilitaka kukata mauntingi hiyo na kuchomelea nyingine pembeni. Nilikataa. 200Tdi ya Defender, jina la baadaye la 110, ina manifoldi, yaani mabomba ya hewa na moshi, zinazoipandisha tabo juu, na manifoldi hizo zinafunga kwenye injini ya Discovery bila shida. Nilitafuta wiki mbili, nikazipata Nairobi, na nakiri kwamba sehemu ya ucheleweshaji ni yangu. Chesisi haikuguswa. Atakayefanya kazi hii baada yangu na azitafute manifoldi hizo kabla ya kuiteremsha injini ya zamani, si baada.

Sasa niseme kuhusu joto, kwa sababu hapo ndipo kazi ilipokaribia kuharibika. Kwenye Discovery, rejeta, intakula na kipozea oili vimekaa bega kwa bega, kila kimoja kikipata upepo wake. Pua ya Series ni nyembamba, na gereji ilitatua tatizo kwa njia ya mkato: waliiacha rejeta ya zamani mahali pake, wakaitundika intakula mbele yake, na kifuniko cha feni wakakiacha nje kwa kuwa hakikuenea. Mjini gari lilikuwa zuri. Siku ya tano nililipeleka Karatu. Kutoka Mto wa Mbu barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa, juu ya Ziwa Manyara, na kabla sijafika pale watu wanaposimama kupiga picha ziwa, geji ya joto ilikuwa imeegemea upande mwekundu. Nilisimama, nikaiacha injini iendelee kuzunguka taratibu, nikafungua hita yote ndani ya gari saa saba mchana. Silinda hedi ya 200Tdi ni ya aluminiamu. Ikichemshwa mara moja vizuri hupinda, na gasketi huondoka nayo. Nilikuwa na bahati. Nilirudi Arusha usiku, kwenye ubaridi, bila kuzidi kilomita 60 kwa saa.

Mkuu wa gereji hakubisha, na hilo namhesabia. Alilikata lile bamba la mbele linaloshika rejeta, akalipanua, akapanga rejeta ya Discovery na intakula yake kwa mpangilio ule ule wa kiwandani, na kifuniko cha feni kikatengenezwa kwa bati. Hakunitoza ufundi, nililipia rejeta tu. Swali langu kwake lilikuwa kwa nini hakufanya hivyo tangu mwanzo, na jibu lake lilikuwa kwamba wateja wengi hawataki bamba la mbele likatwe. Huenda ni kweli. Lakini mteja huambiwa gharama ya kila njia kisha akachagua. Hachaguliwi njia nyepesi akaja kuigundua mlimani.

Ekseli ndizo zilizochukua muda mrefu zaidi, na ndizo ningependa kila anayefikiria kazi hii azielewe kabla ya kulipa hata shilingi. Gereji ilikuwa na Discovery iliyogongwa uani, na ilikuwa rahisi kwao kutumia ekseli zake zote mbili, mbele na nyuma, zikiwa na breki za diski kote. Kwa gari jepesi lisilobeba mizigo nisingepinga. Lakini 109 ya aina yangu ina Salisbury nyuma, ekseli nzito yenye asili ya Dana 60 ya Kimarekani, na sikuona sababu ya kuitoa ekseli imara ili niweke dhaifu kwa kuwa tu ipo karibu. Nilisisitiza tupate ekseli za 110 ya zamani: mbele yenye difu ya 3.54, jointi zinazozunguka kwa kasi sawa pembe zote, na breki za diski; nyuma Salisbury yenye uwiano huo huo na breki za dramu. Zilipatikana Moshi, zikiwa na kutu ya nje lakini meno ya ndani yakiwa safi.

Shida ni kwamba 110 hukalia springi za koili na 109 hukalia springi za mabapa. Vishikio vyote vya koili na vya mikono ya kuzuia ekseli vilikatwa, vikasagwa hadi mirija ikawa laini, kisha viti vya springi vya 109 vikachomelewa. Kuchomelea kwenyewe ni kazi ya siku moja. Kupima kabla ya kuchomelea ndiko kunakotofautisha gereji na gereji. Ekseli ya mbele lazima ikae kwa pembe ambayo kingipini, yaani pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, zinaegemea nyuma kiasi cha nyuzi tatu, ama sivyo usukani haurudi wenyewe baada ya kona na gari linatangatanga barabarani kama mlevi. Wakati huo huo pua ya difu lazima iielekee gia boksi kwa namna ambayo krosi jointi za propela hazibanwi. Ukiizungusha ekseli ili kurekebisha pembe ya kwanza, unaiharibu ya pili. Nyuma jambo ni jepesi kidogo: uso wa pinioni, pale propela inapoingia kwenye difu, na uso wa gia boksi viwe sambamba, basi.

Walipima kwa pima maji. Sicheki, pima maji nzuri inatosha, mradi gari liwe limesimama kwa magurudumu yake na mzigo wake wa kawaida. Wao walipima likiwa juu ya stendi, springi zikiwa zimelegea, na hilo niliambiwa na kijana mmoja baadaye, kwa sauti ya chini. Matokeo yake gari lilipotoka mikononi mwao mara ya kwanza lilikuwa na mambo mawili: usukani uliokuwa mwepesi kupita kiasi na usiojua katikati ni wapi, na mtetemo uliokuja kilomita 65 kwa saa ukaondoka 75, kana kwamba kuna mtu anatingisha sakafu kwa chini. Nililirudisha. Walikereza kabari nne za chuma za kuweka kati ya springi na viti vyake, mbili mbele na mbili nyuma, wakazipima safari hii gari likiwa chini na magunia sita ya mchanga yakiwa ndani, na propela ya nyuma ikapelekwa kusawazishwa. Mtetemo uliisha. Usukani sasa unarudi, ingawa si haraka kama wa 110 halisi.

Upana ni jambo ambalo hakuna aliyenionya. Ekseli za 110 ni pana kuliko za Series kwa karibu sentimita 15, kwa hiyo kila tairi limetoka nje ya bodi kwa takriban sentimita saba na nusu. Ndiyo sababu 110 ilizaliwa na zile nyusi za plastiki juu ya matairi. Yangu haikuzaliwa nazo, na mvua ya kwanza ilipaka tope hadi kwenye vioo vya madirisha. Nyusi nimeziweka, zinafanana na zilivyo, na wapenzi wa Land Rover za asili hunitazama kwa huruma. Kwa upande mwingine, gari linasimama imara zaidi kwenye mteremko wa ubavu, na linageuka vizuri.

Breki sina malalamiko. Silinda kuu ilitolewa kwenye 110 ili ilingane na diski za mbele, na injini ya 200Tdi ina pampu yake ya vakyumu, kwa hiyo kanyagio sasa ni jepesi. Kama kungekuwa na sababu moja tu ya kubadili ekseli ya mbele, hii ingetosha. Aliyewahi kuteremka kutoka lango la Ngorongoro kuelekea Karatu kwa dramu nne za zamani anajua ninachosema.

Gia boksi imebaki ile ile ya gia nne, na hapa ninajiwajibisha mwenyewe. Haikuundwa kwa nguvu ya kuzungusha ya kiasi hiki. Mkuu wa gereji alinishauri tuhamie kwenye ile ya Discovery yenye gia tano, LT77, pamoja na kigawanyi chake cha LT230, kinachogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma, na kitaalamu alikuwa sahihi. Lakini ingemaanisha kukata sakafu, kubadilisha vishikio vya chesisi na propela zote mbili, na mfuko wangu ulikuwa umekwisha kusema. Kwa hiyo naendesha kwa adabu. Siondoki kwa kuachia klachi ghafla, na gari likizama kwenye mchanga natumia gia nzito mapema badala ya kulilazimisha.

Nyaya za umeme zilifungwa hovyo, tepu nyeusi juu ya tepu nyeusi, nikazifungua nikazipanga upya mwenyewe Jumamosi mbili. Hakuna zaidi la kusema juu yake.

Kuhusu makaratasi, gereji ilifanya jambo la uungwana ambalo sikulitarajia: walinipa risiti ya injini, yenye namba yake, na nakala ya kadi ya Discovery ilikotoka. Kadi ya gari huandika namba ya injini, ujazo wake na aina ya mafuta, na vyote vitatu vya gari langu vilikuwa vimebadilika. Bila karatasi hizo ningekuwa na gari zuri ambalo haliwezi kuuzwa, na ambalo kampuni ya bima ingepata kisingizio cha bure siku ya ajali. Usilipe malipo ya mwisho kabla hujazishika mkononi.

Nimekwisha kwenda Karatu mara nne tangu marekebisho ya mwisho. Kwenye ule mpando wa Manyara, ambapo zamani nilikuwa nashuka gia ya pili na kuongoza msafara wa malori yenye hasira, sasa ninapanda kwa gia ya tatu na tabo inasikika ikipumua. Hewa nyepesi haimsumbui mwenye tabo kama inavyomsumbua mwenye kabureta. Lita moja ya dizeli inanipeleka kilomita tisa, mara nyingine karibu kumi. Kelele ni nyingi kuliko petroli, na mke wangu anadai kwamba mazungumzo yameisha ndani ya gari. Kwenye kilomita 85 kwa saa injini haihangaiki, ila bodi inahangaika. Milango ya 1982 haikujua kwamba siku moja ingekimbizwa hivyo. Fungu kubwa la gharama lilikwenda kwenye vifaa. Ufundi wote, pamoja na kerezo, ulikuwa kama robo tu, na kwa kazi ya uchomeleaji niliyoiona naihesabu kuwa bei ya haki.

Lawama ambayo haijapatiwa dawa ni ya spidometa. Kwenye Series, kebo yake hutoka kwenye kigawanyi, kabla ya difu, kwa hiyo spidometa huhesabu mizunguko ya propela na kudhani kwamba difu bado ni 4.7. Difu ikiwa 3.54, gari linakwenda kasi zaidi kwa theluthi moja kuliko linavyokiri. Hakuna aliyeniambia. Niliambiwa na askari wa usalama barabarani karibu na Makuyuni, kwenye eneo la kilomita 50 kwa saa, nikiwa nimeushika mshale kwenye 50 kwa uangalifu wa mtoto wa shule. Tochi yake ilisoma 66. Nilimwomba aje autazame mshale, akaja, akautazama, akanitazama. "Baba, mimi naandika cha tochi," akasema, akaniandikia shilingi 30,000. Gereji wameahidi kutafuta spidometa ya 110, na kila nikipita naambiwa iko njiani. Kwa sasa nimebandika kipande cha karatasi kando ya usukani: 38 ni 50, 60 ni 80.